Nafasi Upande wa Ukuta

Rumonge, 14 Aprili 2024

Kaka Faridi,

Amani ikufikie huko Mpulungu, wewe na wenzako wote wa bandarini. Sisi huku tuko wazima. Baba yuko Kizuka kwa ajili ya mawese, anatusalimu kila jioni akipata mtandao. Mama hajambo, ni magoti tu. Maji ya ziwa bado yanapanda. Ile nyumba uliyompangia wifi Sabrina imeingiliwa hadi dirishani, na watu wanasema wameona ndagala wakiogelea jikoni. Usihuzunike, vitu vyote tulivitoa mapema. Sabrina na mtoto wako kwetu, katika chumba chako cha zamani. Mimi nimemaliza mitihani ya muhula wa pili, nimekuwa wa tatu darasani. Hesabu ndiyo iliyonivuta chini.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Lakini unajua jinsi simu yako inavyopokewa hapa. Mama anafungua sauti yote, simu inawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na sote tunaizunguka kama watu wanaoota moto. Zamu yangu ikifika maneno yananikauka. Nasema "niko salama, kaka," na simu inakwenda kwa mwingine. Kwenye karatasi hakuna anayeningoja. Leonsi, mpishi wa meli yenu, amekubali kuwa posta wetu kila meli hiyo inapoleta saruji Rumonge.

Jambo lenyewe ni dogo, au labda si dogo. Ni kichwa cha mwanao Waziri. Nyuma, upande wa kulia, kimekuwa bapa. Nikimtazama kutoka juu ni kama andazi lililoiva likiwa limeegemea ukuta wa sufuria. Sabrina anamvika kofia muda wote. Nilipomwuliza Mama, alisema watoto wote wako hivyo, kisha akanituma maji.

Kwa hiyo nikaanza kuangalia. Mtoto analala kitandani kwako, kati ya mama yake na ukuta. Mama yake yuko kushoto kwake. Dirisha liko kushoto, mlango uko kushoto, sauti zetu zote zinatoka kushoto. Yeye anageukia kulia, ukutani. Pale hakuna kitu ila kitenge kilichokunjwa na doa la unyevu. Juzi alasiri watu walikuwa wamelala kwa sababu ya joto, mtoto akawa analia, nikaingia kumchukua. Kabla sijamfikia alinyamaza. Akageukia ukuta, akakodoa macho, midomo ikacheza kidogo. Kisha akatulia kabisa, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema. Halafu akatabasamu.

Nilimbeba nikatoka naye juani. Sikumwambia mtu.

Mdogo wako,
Tahira


Mpulungu, 3 Mei 2024

Tahira, mwalimu wetu wa kesho,

Barua yako imenifikia ikinuka vitunguu vya Leonsi, na nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya mifuko ya saruji. Wa tatu darasani! Hapa nimewaambia wote, hata wasiojua Kiswahili. Kazi ipo, meli zinachelewa kwa sababu ya mafuta, lakini ipo. Mpe Mama pole ya magoti. Mwambie Sabrina nimesikia habari ya nyumba, tutatafuta nyingine mbali na maji.

Sasa wewe, unataka kuniogopesha na kichwa cha mwanangu? Hicho ni kichwa cha ukoo. Umesahau ulivyokuwa ukiniita "Kaka Bapa" mpaka Baba akakuchapa? Pitisha mkono wako siku moja nyuma ya kichwa changu, utaona. Ndiyo maana sitoki bila kofia. Na nimeoa, na nina kazi, na hakuna aliyenikataa.

Hata hivyo mpelekeni kituo cha afya. Sabrina akisitasita, mwambie nimesema mimi. Kuhusu ukuta, watoto wanapenda kutazama vivuli. Usisome vitabu mpaka jua likakuchoma akili.

Nimempa Leonsi kofia ya Waziri, ya sufu, ya bluu.

Ni upande wa kulia, umesema? Nauliza tu.

Kaka yako,
Faridi


Rumonge, 19 Mei 2024

Kaka Faridi,

Nakusalimu kwa heri zote. Baba amerudi kutoka Kizuka amekonda lakini anacheka. Maji yamesimama, hayapandi wala hayashuki. Nimepata kitabu cha biolojia cha kuazima, na humo nimesoma kwamba kichwa cha mtoto mchanga si mfupa mmoja. Ni vipande vilivyokaa karibu, havijashikana bado. Ndiyo maana kinaweza kubadilika. Nilifurahi kusoma hivyo, kisha nikaogopa, kwa sababu kinachoweza kubadilika kinaweza pia kubaki.

Tulikwenda kituo cha afya siku ya chanjo, Mama, Sabrina na mimi. Kuna infirmieri pale, muuguzi, anaitwa Anita, wa wale waliorudi kutoka Tanzania. Alimvua Waziri kofia, akamzungushia vidole kichwani kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Muko munamulaza upande mumoja tu, ama namna gani?"

Sabrina akaangalia sakafu. Mama ndiye aliyejibu. "Tunamulaza chali, kama mulivyotufundisha."

"Chali ni vizuri, musiache. Lakini kichwa kinakwenda wapi?"

"Ukutani," nikasema. Nilisikia sauti yangu nikashtuka.

"Ukuta iko na nini? Muliweka televizyo?"

Wanawake wa kwenye benchi wakacheka sana. Mama hakucheka.

Anita akamgeuza mtoto shingo polepole. Kulia ilikwenda yote. Kushoto ilikwama njiani, na Waziri akalia. Akatuonyesha mshipa uliokaza. Alisema mtoto akitazama upande mmoja tu, shingo inajifunza njia moja, na mfupa laini unachukua umbo la kitanda. Dawa si ya kununua. Kwa kulala abaki chali, lakini akishasinzia tumgeuze kichwa kitazame kushoto. Akiwa macho tumlaze kwa tumbo, mtu akae naye. Tumbebe kwa mkono mwingine. Tumwite kutoka kushoto. "Lakini musichelewe, dada zangu. Mifupa inafunga mlango wake yenyewe, haiwezi kuwauliza."

Kofia imefika. Mama aliishika, kisha akaingiza mkono tena ndani ya bahasha. "Moja tu?" akamwuliza Leonsi. Leonsi akasema, "Mama, kichwa kimoja, kofia moja!" Alicheka peke yake.

Na siku hiyohiyo jirani yetu Mama Joanita alipita kumwona mtoto, akamchukua mapajani akamsalimu kwa Kirundi, "Amahoro, Bukuru wangu!" Mama akamkatiza: "Anaitwa Waziri." Mama Joanita akaziba mdomo kwa mkono. Aliondoka chai ikiwa nusu kikombe.

Nakuandikia mambo haya jinsi yalivyokuwa bila kuongeza neno. Nimekatazwa kuongeza neno.

Mdogo wako,
Tahira


Mpulungu, 9 Juni 2024

Tahira,

Salamu kwa wote. Mimi mzima.

Bukuru ni jina la pacha anayetangulia kutoka, na Butoyi ndiye anayemfuata. Hata sisi Waislamu tunaosema Hasani na Huseni tunalijua hilo. Hakuna mtu Burundi nzima anayemwita mtoto mmoja Bukuru.

Siku Sabrina alipojifungua mlinipigia simu. Mama alisema, "Umepata mtoto wa kiume, shukuru Mungu." Nikashukuru. Nikasikia Sabrina akilia nyuma, nikadhani ni furaha na uchovu.

Walikuwa wawili?

Ukiwa umekatazwa usijibu. Niandikie tu habari za mvua, nami nitaelewa.

Jambo lingine, nami sijui kwa nini nakuandikia. Ninapanga chumba pamoja na Darius, kijana wa Muhuta anayeendesha kreni. Tangu nilipokuja huku amekuwa akinicheka jinsi ninavyolala, nimejibana pembeni kabisa, mkono mmoja unaning'inia nje, uso umeelekea ukuta, na kati yangu na ukuta pamebaki nafasi ya mtu. Nilifikiri ni mazoea. Baada ya barua yako nilimwambia habari za Waziri na ukuta. Hakucheka tena. Akaniuliza, "Wewe je, ile nafasi unamwachia nani?"

Nilizima taa.

Faridi


Rumonge, 7 Julai 2024

Kaka yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upole wote nilio nao. Vakansi imeanza, shule imefungwa. Mvua hainyeshi Julai, unajua, kwa hiyo sitaandika habari za mvua.

Nilimpelekea Mama barua yako. Nilisimama mlangoni nayo mpaka akaniuliza kama nimegeuka nguzo. Nikamsomea. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mpaka mwisho wa barua, na baada ya mwisho pia. Kisha akasema, "Basi ameshajua. Mwandikie."

Walikuwa wawili. Waziri alitangulia. Wa pili alikuwa wa kiume, mdogo sana, hakulia. Baba na imamu walimzika siku ileile, juu kilimani, mbali na maji. Mama alitukataza kukuambia kwa sababu, alisema, mtu aliye juu ya ziwa hapelekewi msiba, maji yanausikia. Pole, kaka. Nimekaa muda mrefu nikitafuta neno kubwa kuliko pole, kwenye vitabu vyangu halimo.

Sasa lazima uyajue mengine. Tangu tulipotoka kwa Anita nimekuwa nikimgeuza. Akisinzia baada ya kunyonya, namgeuza kichwa kitazame kushoto, polepole, anabaki hivyo. Nikirudi nakuta anatazama ukuta. Nilidhani ni yeye mwenyewe, lakini shingo ile haiwezi kurudi bila kilio. Nikamwuliza Sabrina. Akasema, "Si mimi, wifi. Mimi hata kumgusa kichwa naogopa."

Siku moja nikakaa nyuma ya pazia na kitabu changu. Baada ya sala ya adhuhuri Mama aliingia. Akavua viatu kama mtu anayeingia msikitini. Akamgeuza Waziri uso kwa vidole viwili, akautazamisha ukuta, akanyoosha kile kitenge kilichokunjwa. "Utusamehe," akasema. Hakuwa anamwambia Waziri.

Nikatoka nyuma ya pazia.

"Mama, infirmieri alisema..."

"Huyo infirmieri amezaa pacha?"

"Sijui, Mama."

"Mimi najua nilichofundishwa na mama yangu. Anayeishi hampi mgongo mwenzake, mwaka mzima. Nafasi yake inabaki ubavuni, na uso unamwelekea. Ukimpa mgongo, anazunguka aje akutazame usoni. Unataka azunguke?"

"Kichwa kitaharibika."

"Kichwa bapa kinavaa kofia, Tahira. Kaburi linavaa nini?" Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Faridi naye alilala hivyohivyo. Na ameishi."

Nilimwuliza hivyohivyo vipi. Alivaa viatu akatoka.

Jambo moja nimelibakiza mwisho. Jumanne Mama alikuwa sokoni na Sabrina alikwenda Kigwena kwa wazazi wake kuchukua unga. Tulikuwa mimi na mtoto peke yetu. Nilimgeuza kushoto, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kizingiti nje nikisoma. Hakuna aliyepita. Nilipofungua alikuwa anatazama ukuta, amelala fofofo, hajalia. Na kitenge kile, ambacho nilikiacha kimenyooka, kilikuwa na bonde katikati, kama mto uliolaliwa.

Tahira


Mpulungu, 21 Julai 2024

Mdogo wangu,

Salamu zako zimenifikia. Saruji ilikuwa nyingi wiki hii. Kreni iliharibika mara mbili na tukapakia kwa mikono. Nilifurahi kupakia kwa mikono.

Nimemlilia mwanangu nikiwa nyuma ya ghala. Leonsi alinikuta, akakaa kando yangu bila kuuliza, akamenya viazi vyake mpaka nikamaliza. Mwambie Sabrina nimelia. Nataka ajue kwamba hakulia peke yake, ila mimi nimechelewa kwa sababu nilifichwa. Mwambie pia sina hasira.

Mstari ule wa Mama kunihusu mimi nimeusoma mpaka karatasi imelegea. Sitamwuliza kwa simu mbele ya ndoo. Wewe usimwulize pia, ataona nimekutuma.

Lakini kichwa cha Waziri, Tahira, hicho sikiachi. Mimi nimezoea. Watoto wa shule walinipiga vibao pale kwenye ubapa, nikazoea. Shingo yangu haigeuki kushoto mpaka mwisho. Nikitaka kumtazama mtu aliye kushoto nageuza mwili wote kama mlango, nimezoea hilo pia. Sitaki azoee. Mama hanisikii mimi kwa simu. Sabrina anamwogopa, na Baba mambo ya chumba cha uzazi hayaingilii. Umebaki wewe, ambaye hata kusema "niko salama" kunakutoa jasho. Nisamehe kukubebesha.

Usigombane naye. Anaogopa, na anayeogopa ukimsukuma anashika zaidi. Tafuta njia nyingine.

Faridi


Rumonge, 18 Agosti 2024

Kaka Faridi,

Amani kwako. Maji yameanza kurudi. Nyumba zilizokuwa chini zinaonekana tena, na mistari ya tope ukutani, moja juu ya nyingine. Baba anakusalimu. Nilimfikishia Sabrina maneno yako. Alikuwa anaosha vyombo, akauliza, "Alilia kweli?" Nikasema kweli. Usiku huo alikula chakula chote.

Tulirudi kwa Anita, na safari hii hakutania. Sikio la kulia la Waziri limesukumwa mbele kidogo kuliko la kushoto. Alitaka kujua kama tunamgeuza. Nikasema ndiyo. Akamtazama Mama, akasema kwamba tukirudi tena hivi, itabidi aende kwa daktari Bujumbura, na huko watasema wenyewe kama mlango umefungwa.

Njia nzima nilikuwa nikifikiri maneno yako, tafuta njia nyingine. Tulipofika nyumbani nilimfuata jikoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno kama mtu anayekwenda kwenye mtihani wa mdomo.

"Mama, si lazima Waziri ampe mwenzake mgongo."

"Umeanza tena."

"Hapana. Umesema uso wake umwelekee. Basi mwenzake ahamie kushoto. Tumwombe ahame. Nafasi yake ibaki ileile, uso wa ndugu yake ubaki uleule. Shingo tu ndiyo itageuka."

Sitakudanganya, kaka. Nilipolifikiria jambo hilo nililiona kama ujanja. Nilidhani tutasogeza kitenge, Mama ataridhika, naye ataacha kumrudisha mtoto, na shingo italegea taratibu kama Anita alivyosema. Nilidhani mambo yote ni shingo, godoro na bibi mwenye hofu. Ile Jumanne nilikuwa nimejiambia ni upepo.

Mama aliweka mwiko chini. "Hakuna aliyewahi kufanya hivyo."

"Kuna aliyekataza?"

Alifikiri mpaka mchuzi ukaungua. Kisha akasema, "Nenda ukatawadhe."

Ilikuwa baada ya alasiri, jua bado kali, watoto wa Mama Joanita wanapiga kelele nje. Sabrina alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kwenye upande wa miguu. Waziri alikuwa katikati, macho yamefunguka, anatazama ukuta kama kawaida. Mama alikichukua kile kitenge kutoka ukutani, akakipakata mapajani mwake. Hakukitandaza popote. Alianza kusema. Maneno yalikuwa machache, ya upole, namna anavyozungumza na mtoto anayeombwa kumpisha mgeni. Sitayaandika hapa, hayakuwa yangu.

Akamaliza. Kitenge bado kilikuwa mapajani mwake, yeye yuko karibu na mlango, hajasogea.

Waziri aliacha kutazama ukuta. Macho yake yalianza kwenda. Yalishuka ukutani polepole, yakafika usawa wa miguu yake mwenyewe, yakapita upande wa miguu wa kitanda kutoka pembe moja hadi ya pili, bila haraka, kama unavyomtazama mtu anayezunguka kitanda. Sabrina alikunja miguu yake juu, akampisha. Nilimwona, kaka. Hakumwona mtu, lakini alimpisha.

Kisha shingo ikageuka. Ile iliyokuwa ikikwama njiani na kilio, ilikwenda kushoto mpaka mwisho, na shavu lake la kushoto likagusa godoro. Akakodoa macho mahali patupu pembeni yake. Midomo ikacheza. Akangoja. Akacheka, cheko la sauti, la kwanza maishani mwake.

Mama ndipo alipokiweka kitenge pale.

Tangu siku hiyo analala akiangalia kushoto na hakuna anayemgeuza. Anita alimwona juzi. Alipitisha vidole, akasema shingo imefunguka na mfupa umeanza kujaa, akatupongeza kwa bidii. "Mumefanyaje?" akauliza. Mama akasema, "Tumefuata mulivyotufundisha." Niliitikia kwa kichwa.

Nilitaka kuwa na furaha, na ninayo. Lakini ingekuwa imeshindikana ningelala vizuri zaidi. Sasa napita katika chumba chako nikiwa nimejibana ukutani, kwa sababu upande wa kushoto wa kitanda ndiko watu wote tunakopita.

Tahira


Mpulungu, 15 Septemba 2024

Tahira,

Salamu kwa Baba, Mama, Sabrina na kwa wanangu.

Umefanya kitu ambacho nisingeweza. Sikuwa na mtu kama wewe katika chumba kile miaka thelathini na moja iliyopita.

Nilijaribu mwenyewe. Darius alikuwa zamu, nikasogeza kitanda, nikalala nikitazama mlango. Nilijiona mjinga. Kisha nyuma yangu kwenye shuka pakawa baridi, baridi iliyokuja karibu mpaka kwenye shingo, na nikageuka haraka kuelekea ukuta kama mtoto aliyekosa. Nikasema samahani kwa sauti. Kwa nani, sijui. Ndivyo nilivyokuwa nikiishi.

Sijui maneno. Mama alisema nini? Mwulize. Mwambie mimi ndiye ninayeuliza.

Faridi


Rumonge, 6 Oktoba 2024

Kaka Faridi,

Sisi ni wazima, shule imefunguliwa. Waziri anakaa akishikwa, na kofia ya bluu haimtoshi tena upande wowote, kwa sababu kichwa kimekua cha mviringo. Sabrina amekikata kitenge kile vipande viwili, kimoja amekiweka kwa ajili yako.

Nilimsomea Mama barua yako. Hakuwa na mchele wa kuchambua. Alikaa mikono mitupu. Kisha akaniambia nichukue kalamu, niandike anavyosema, nisirekebishe. Haya ni maneno yake:

"Faridi mwanangu. Mwenzako alikuwa wa kike. Alitoka baada yako. Alifungua macho, akakutazama wewe, hakunitazama mimi. Nilikuwa na umri kama wa Tahira, na hakuna aliyeniruhusu kumtaja, basi nikamtunzia nafasi yake kwa shingo yako. Mwaka ulipopita sikujua jinsi ya kuiondoa. Niliona unaendelea kumlalia upande, nikanyamaza, nikaona ni afadhali mmoja wetu anaye.

"Kwa yule mdogo nilisema hivi: Hamia upande huu, mume wangu. Nafasi ni ileile. Mwenzako shingo imemchoka.

"Wewe sema hivi: Hamia upande huu, mama. Nafasi ni ileile. Kaka yako shingo imemchoka, na Mama yetu anakusalimu.

"Ukimaliza, usigeuke haraka. Mpe muda wa kuzunguka."

Nimeandika alivyosema.

Tahira